Farasi wa bure hakuna

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja tunayesali naye alinipigia simu saa tatu usiku, sauti imejaa furaha, akaniambia mwalimu nimepewa farasi. Kuna mtu anafunga stebo yake, yaani mabanda ya kufugia farasi, anahama nchi, anagawa farasi wake kwa yeyote atakayewatunza, na huyu kijana kaahidiwa mmoja, dume aliyehasiwa, miaka kumi, mzima wa afya, bure kabisa. Swali lake lilikuwa moja tu, eti pikapu ya kumbeba inaweza kuwa bei gani. Nilinyamaza kidogo. Nikamwambia kwanza farasi hapakiwi kwenye pikapu kama mbuzi, pili usimjibu huyo mtu ndio mpaka tuongee. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimwandikia meseji ndefu ndefu za wasapu mpaka vidole vikachoka, nikaona bora niyaweke yote hapa, manake si yeye peke yake anayeniulizaga.

Mimi ni binti wa saisi. Baba yangu alitunza farasi wa watu zaidi ya miaka ishirini upande wa Karen na Lang'ata huko Nairobi, na Jumapili za mbio alikuwa anashinda pale uwanja wa Ngong Road, ule uliofunguliwa 1954, anawazungusha farasi kabla hawajaingia kukimbia. Sisi watoto tulikua na harufu ya nyasi kavu kwenye koti lake. Kwa hiyo mwaka 2017 mimi nilipopewa jike wa mbio aliyestaafishwa nilidhani najua kila kitu. Alikuwa na miaka mitano, kano ya mguu wa mbele kushoto ilishaanza kuvimba, mwenyewe akaona hatakimbia tena na hataki kumlisha bila faida. Nikamchukua. Nikampa jina Zuhura. Kumpata sikutoa hata senti, gharama yangu siku hiyo ilikuwa trela ya kumleta huku kwetu Tuala, Kajiado, na soda ya dereva.

Nilimpigia baba kumwambia, nikitegemea atashangilia. Baba ananiita mama kwa sababu nimebeba jina la mamake. Akakaa kimya weee, halafu akasema, "Mama, una daftari?" Nikamuuliza daftari la nini baba. Akasema mali bila daftari hupotea bila habari, nenda kanunue lile kubwa la jalada gumu, kila kitu kitakachoingia mdomoni mwa huyo farasi na kila atakayemgusa ukamlipa, andika. Sasa niko kwenye daftari la tatu, na haya mengine yote nayatoa humo.

Tuanze na kula. Zuhura ana kilo kama 450, na farasi wa uzito huo anataka kilo tisa mpaka kumi za nyasi kavu kwa siku, yaani karibu asilimia mbili ya uzito wake, na hapo hujagusa chakula cha gunia. Marobota ninayonunua mimi ni ya kilo kumi na tatu hivi, kwa mwezi anamaliza ishirini na mawili. Robota likiwa shilingi 300 hiyo ni 6,600. Lakini nyasi haina bei moja. Ile ukame wa miaka ile, mvua zilipokosa misimu mitano mfululizo kuanzia mwisho wa 2020, nilianza nikinunua robota kwa 250 nikafika kununua kwa 450, na lililokuja lilikuwa jepesi, limejaa vijiti, na mara mbili nilifungua robota nikakuta ukungu katikati. Ukungu farasi hapewi. Ng'ombe unaweza ukajaribu bahati yako, farasi la. Nilitupa marobota manne siku moja huku nikilia, na mume wangu akiniangalia tu bila kusema neno, kwa sababu alijua nikisemeshwa nitalia zaidi.

Juu ya nyasi kuna magunia mawili ya chakula kwa mwezi, mimi nayapata kwa 2,400 kila moja, kuna jiwe la chumvi la kulamba, dawa ya kupe, dawa ya minyoo. Kuna kijana anayenisaidia asubuhi nikiwa darasani, namlipa 12,000 na chakula cha mchana, na nakuambia ukweli huyo ndiye pesa yangu inayoenda mahali pazuri kuliko zote. Kuna fundi wa kwato kila wiki ya sita au ya saba, 3,000. Halafu kuna 5,000 ninayoweka kila mwezi kwenye akaunti ya pembeni kwa ajili ya daktari wa mifugo, hata kama mwezi huo hajaumwa, hasa kama hajaumwa. Ukijumlisha inakuja kama 32,000 kwa mwezi, na hapo shamba ni letu, banda tulijenga wenyewe kwa mabati ya zamani, na maji tuna kisima. Kama huna shamba unampeleka kwa stebo ya mtu na unalipia kila kitu hicho pamoja na faida ya mwenye stebo.

Nilimwandikia yule kijana hizo hesabu akanijibu "lakini mwalimu si anaweza kula majani tu hapo nje." Swali zuri na wengi wanaliuliza. Farasi kweli anakula majani, ameumbwa hivyo, akiachiwa anachunga saa kumi na sita kwa siku kidogo kidogo kwa sababu tumbo lake lenyewe la kwanza ni dogo ukilinganisha na mwili. Lakini eka moja ya Kajiado mwezi wa pili ina majani gani? Vumbi. Na farasi mwenye njaa anakula mchanga pamoja na mizizi, mchanga unajikusanya ndani, na hapo umeshafungua mlango wa lile jambo ambalo kila mwenye farasi analiogopa, nitalifikia.

Na sijasema habari ya kwato. Watu wanaona farasi wanaona mgongo na shingo, mimi siku hizi nikiona farasi naangalia chini. Kwato inakua karibu sentimita moja kwa mwezi, isipokatwa inapinda, ikipinda mguu wote unakaa vibaya. Zuhura havai viatu vya chuma tena kwa vile hakimbii, lakini kila siku, nasema kila siku, lazima uinue miguu yote minne uchokoe uchafu. Unasimama ubavuni kwake ukiangalia mkia, unateremsha mkono nyuma ya mguu taratibu mpaka kwenye kifundo, unambana kidogo, unasema "haya mama," naye anakupa mguu. Uzito wake anakuegemezea kidogo. Unachokoa kuanzia kisigino kwenda mbele, ukiepuka ile nyama laini ya pembe tatu iliyo katikati, na unanusa. Ndiyo, unanusa. Kwato nzima inanuka udongo tu. Ikinuka kitu kilichooza na ukaona weusi wa majimaji kwenye mfereji, ujue banda lina unyevu na hukusafisha vizuri. Mwezi wa nne wa mvua kubwa nilinusa hiyo harufu nikajua kosa ni langu, nilikuwa na mitihani ya kusahihisha nikaacha siku tatu zikapita. Siku tatu tu. Ilinichukua wiki tano kumtibu.

Meno nayo. Meno ya farasi yanaendelea kutoka kwenye ufizi karibu maisha yake yote na yanasagika kwa kutafuna, lakini hayasagiki sawa, pembeni yanabaki na ncha kali zinazokata mashavu na ulimi, hivyo mara moja kwa mwaka anakuja mtu na tupa ndefu anamsawazisha. Mwaka wa kwanza sikujua, baba alidhani najua. Zuhura akaanza kudondosha madonge ya nyasi iliyotafunwa nusu, anakonda huku anakula, nikamwongezea chakula nikidhani hatosheki. Kumbe mdomoni vidonda vitupu.

Sasa huku kwetu tuna jambo letu ambalo mwenye farasi wa Ulaya halijui. Tuala tuko ng'ambo tu ya mto Mbagathi, na mbuga ya Nairobi upande wa kusini haina ua, kwa hiyo punda milia wanatoka wanakuja mpaka kwenye mashamba. Watoto wanafurahi, wageni wanapiga picha. Mimi nikiwaona moyo unashtuka, kwa sababu punda milia wanaweza kubeba virusi vya ule ugonjwa wa farasi wa Afrika bila wao wenyewe kuumwa, usubi anawauma halafu anakuja kumuuma farasi wangu. Ile aina inayoingia mapafuni inaua karibu kila inayempata, baba aliona farasi mzuri wa watu asubuhi anakula vizuri, jioni anapumua kwa shida, povu jeupe linatoka puani kama la sabuni, kesho yake hayupo. Dawa ya kuuponya hakuna. Kuna chanjo, kila mwaka, na kuna kumfungia ndani kabla jua halijazama mpaka asubuhi kupambazuke vizuri, manake huyo usubi anapenda kuuma jioni na alfajiri na usiku.

Hebu fikiria hiyo ina maana gani kwa maisha ya mtu. Saa kumi na moja na nusu jioni kila siku ya Mungu, mimi au mtu ninayemwamini lazima awe nyumbani kumwingiza Zuhura. Harusi za mchana naondoka kabla keki haijakatwa. Matanga ya upande wa mume wangu, tunakwenda kwa zamu. Krismasi ya kwenda ushago nimeenda mara mbili tangu 2017. Mama mkwe alinuna mwaka mzima, na sikumlaumu, yeye alikuwa anaona nimemweka mnyama mbele ya ukoo. Siku alipokuja mwenyewe akakaa wiki moja, akaona ratiba, alipoondoka aliniambia "mwanangu huyu si mnyama, huyu ni mgonjwa asiyepona, pole." Nilipenda alivyonielewa japo Zuhura si mgonjwa. Waswahili wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu mgeni wangu siku ya tatu ilipita zamani na jembe hashiki, hatoi maziwa, haliwi. Majirani waliniuliza mpaka wakachoka, "mwalimu huyo farasi anafanya kazi gani?" Samadi yake inakuza sukuma wiki za nusu ya barabara yetu, hilo ndilo naweza kuwaonyesha. Mengine siwezi kuyaweka mkononi nikawaonyesha, ila wanaponikuta jioni nimesimama naye kichwa chake kizito kimelala begani kwangu huwa hawaulizi.

Sasa lile jambo la kuogopwa nililosema nitalifikia, la tumbo. Farasi hawezi kutapika. Ameumbwa hivyo, mlango wa juu wa tumbo lake umekaza kabisa, kilichoingia kitatokea upande wa pili tu, na utumbo wake ni mrefu mita zaidi ya ishirini na una kona. Ikiziba mahali, au hewa ikijaa, au ukijipinda, anaumwa maumivu ambayo yanaweza kumuua kabla ya asubuhi.

Ilikuwa Agosti 2019, saa nne za usiku. Nilitoka kumwangalia kabla ya kulala, desturi ya baba hiyo, nikakuta hajagusa nyasi yake. Anageuka anaangalia ubavu wake, anachimba chini kwa mguu wa mbele, anajikunja kama anataka kulala, anainuka. Jasho shingoni na usiku ulikuwa wa baridi. Nilimfungua mdomo nikabonyeza fizi kwa kidole, rangi inatakiwa kurudi ndani ya sekunde mbili, ilichelewa. Mapigo ya moyo niliyahesabu chini ya taya, farasi aliyetulia anakuwa kati ya 28 na 44 kwa dakika, yeye alikuwa 60. Nikampigia daktari wa kwanza hakushika, wa pili akasema hawezi kutoka usiku, wa tatu akasema natoka Athi River nipe saa moja na nusu, mtembeze usimwache ajiviringishe.

Nikamtembeza. Kutoka banda hadi mwembe, mwembe hadi geti, geti hadi banda. Mume wangu na tochi. Nikampigia baba, akaamka, akakaa kwenye simu nasi usiku ule wote mpaka pesa ya simu ikaisha tukaongeza, anauliza tu "amekunya? ameshuta?" Daktari alipofika akasikiliza tumbo kwa kile kipimo chake, upande wa kulia kimya kabisa, tumbo la farasi linatakiwa lingurume kama matatu ya zamani. Akampiga sindano ya maumivu, akapitisha mpira mrefu puani mpaka tumboni akamimina maji na mafuta ya kulainisha. Akaniambia kama asubuhi hajapata choo ni upasuaji, na upasuaji wa namna hiyo hapa ni pesa ambazo mimi mwalimu wa shule ya praiveti sina na hata nikikopa hakuna uhakika, kwa hiyo uamuzi mwingine uwe tayari moyoni. Alisema kwa upole. Saa kumi na moja alfajiri Zuhura alisimama, akainua mkia, akaangusha madonge sita ya mavi. Niliyahesabu. Nimewahi kufurahia vyeti, nimefurahia ndoa, nimefurahia mtoto, na hayo madonge sita nayaweka humo humo. Daftari linasema 14,500.

Na mwaka uliofuata ikaja korona. Shule zikafungwa Machi 2020, kafyu, halafu Aprili wakafunga Nairobi na sisi wa Rongai na Kiserian tukiwa ndani ya huo mpaka. Shule yetu ikasema mishahara haitalipwa mpaka wanafunzi warudi. Zuhura hakujua habari za korona. Kilo tisa na nusu, kila siku. Nilikopa kwenye chama mara mbili, nikauza cherehani ya mama, hiyo bado inaniuma, na kijana wangu wa kazi nikamwambia ukweli siwezi kukulipa, akabaki miezi mitatu kwa nusu ya pesa kwa sababu na yeye hakutaka kumwacha. Kuna siku nilikaa nje ya banda nikajiuliza kwa nini nilipokea zawadi hii.

Zawadi ya farasi imewasumbua wakubwa kuliko mimi. Mwaka 1840 Sayyid Said, sultani wa Oman na Unguja, alituma meli yake, Sultanah, mpaka New York chini ya Ahmad bin Na'aman, na katika zawadi kulikuwa na farasi wawili wa Kiarabu wa Rais Martin Van Buren. Rais wa Marekani mzima hakuwa na ruhusa ya kuwapokea wawe wake, ikabidi Bunge liingilie, na mwisho wakauzwa kwa mnada. Mimi sikuwa na Bunge la kuniamulia.

Lakini lile ambalo nataka yule kijana alisikie kuliko yote si la pesa. Ni miaka. Farasi anaishi ishirini na tano, wengine thelathini. Wa mbio anaacha kazi akiwa na miaka mitano au sita au saba, mwenye pesa alishakula miaka yake ya sifa, iliyobaki ishirini nani anaibeba? Zuhura sasa ana 13. Akifika 25 mimi nitakuwa nakaribia kustaafu na binti yangu aliyezaliwa 2018 atakuwa chuo. Kwa hesabu ya leo hiyo ni zaidi ya milioni nne na nusu kwa mnyama niliyepewa bure. Huyo wa kijana ana miaka kumi. Je, kazi yake itakuwepo miaka kumi na tano ijayo? Atakayemuoa ameshaulizwa? Akihamishwa Kisumu?

Na kuna siku ya mwisho, hiyo nayo iandike kabla. Baba alinifundisha kwamba mwenye farasi anayesema sitaki kuzungumzia hilo ndiye anayekuja kumwacha mnyama ateseke, au anamuuza kwa mtu asiyemjua kwa sababu hana moyo wa kusimama naye. Nimeweka pesa ya daktari wa siku hiyo na ya mashine ya kuchimba, manake shimo la farasi halichimbwi kwa jembe. Mahali tumeshachagua, nyuma ya mwembe. Nikiandika hivi mikono inatetemeka kidogo lakini bora itetemeke leo.

Sijamwambia kijana akatae. Farasi wanaoachwa ni wengi kuliko mikono, na yeye ana moyo, nimeuona. Nilimwambia hivi, muombe huyo mtu akupe mwezi mmoja, na huo mwezi uje kwangu kila siku kabla ya kazi, saa kumi na moja alfajiri, na jioni urudi saa kumi na moja na nusu, halafu ndo umjibu. Alicheka akadhani natania.

Leo ni siku ya tisa. Siku ya tano hakutokea, mvua ilinyesha, siku ya sita akaja ameloa akaomba msamaha kwa Zuhura kabla ya kuniomba mimi. Kwato za mbele sasa anazimudu. Kesho namwachia za nyuma.